Springi ya mlango wa gereji ikikatika, usiguse ile kamba nyekundu

Wenye milango ya gereji ile ya kupanda juu, hebu chekini springi zenu. Wengi wanadhani mota ndo inanyanyua mlango, kumbe wapi, mzigo karibu wote unabebwa na springi, mota inasaidia tu, na mlango wa magari mawili unapita kilo 70 kirahisi. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000 ya kufungua na kufunga, kwa hiyo ukifungua mara nne kwa siku hiyo ni miaka saba hivi, halafu siku moja paa! kama bunduki.

Sasa hapa ndo pabaya: ikikatika mlango ukiwa juu, ukivuta ile kamba nyekundu ya kuachanisha mota, mlango wote unashuka kwa mpigo, aliye chini ndo basi tena. Ukiona pengo kwenye springi au mlango umekuwa mzito ghafla, achana na remoti, toa watoto hapo, ita fundi.

Kutesti ni rahisi, mlango ukiwa umefungwa na springi nzima, achanisha mota, nyanyua kwa mkono hadi katikati, ukitulia hapo poa, ukishuka ujue springi zimechoka. Zile za pembeni zinazovutika lazima zipitishiwe waya wa usalama katikati, la sivyo kipande kikikatika kinaruka popote. Na zile springi zinazokaa juu ya mlango msizifungue wenyewe jamani, hata zikionekana zimetulia zimebana nguvu ya kuvunja mkono.