Kabla hujatema mate kwenye kichupa cha DNA

Jamaa zetu wa London na Maskati siku hizi wakija likizo hawaleti chokleti tu, wanaleta na vile viboksi vya kupimia asili, unatia mate, yanapelekwa maabara huko nje, khalafu simu inakwambia wewe Mshirazi, yaani wa asili ya Uajemi, asilimia ngapi. Mie nshafanya na bibi yangu nkamfanyisha, basi nakuandikieni inavyokwenda na pale nilipokosea.

Anza na wazee, si kichupa. Chukua daftari uulize majina mpaka babu wa nne, nani wa Makunduchi, nani wa Wete, nani kaja na jahazi kwa khiyari yake na nani kaletwa. Bila hayo majina utaletewa namba tu ambazo hazina pa kukaa.

Siku ya kutema, nusu saa kabla usile, usinywe, usivute, wala usipige mswaki. Na tambuu jamani! Karatasi yao haikuitaja, watajuaje, bibi yangu katoa tambuu mdomoni katema papo hapo, mate mekundu kama damu, baada ya wiki kadhaa tunaambiwa sampuli haikufaa. Mara ya pili nkamvizia baada ya sala ya alfajiri, kashasukutua na hajatia kitu kinywani, tukangoja nusu saa yetu, ikenda. Mate yafike kwenye mstari, mapovu hayahesabiwi, na mzee mwenye kinywa kikavu mwambie ajisugue mashavu kwa nje yatakuja. Ukishafunga ile dawa ya kuhifadhia ishuke yote, tikisa, andika namba ya kichupa na jina la mtu hapo hapo maana mkivichanganya wewe ndo utakuwa bibi.

Matokeo yakija usikimbilie kuyarusha Whatsapp. DNA ya mtu ina herufi kama bilioni 3, hawa hawazisomi zote, wanaangalia sehemu kama laki sita au saba tu, khalafu wanalinganisha na watu walionao kwenye hazina yao, na watu wa pwani yetu humo ni wachache. Kwa hiyo asilimia ni makisio, wakiongeza watu zinabadilika ukiwa umelala. Wewe na ndugu yako wa tumbo moja mtatofautiana pia, kila mmoja kachukua nusu ya baba na nusu ya mama ila si nusu zile zile.

Kuhusu Ushirazi, najua ndo unachotaka. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa mifupa ya watu 80 wa makaburi ya zamani ya pwani, Mtwapa, Manda, Kilwa na kwengineko, ikaonekana mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000, upande wa Asia wengi wao ni wanaume wa Kiajemi na upande wa Afrika wengi ni wanawake. Basi wazee wakisema tumetoka Uajemi hawakusema uongo, ila na bibi zetu wa Kiafrika nao wamo humo humo. Ile DNA inayopita kwa mama peke yake ndo inayotoa siri, mtu anajiita Mwarabu mtupu kumbe bibi mzaa bibi alikuwa suria kutoka bara. Kuna nyumba hilo halisemwi, usilitangaze wewe kwenye grupu la ukoo siku ya Idi.

Halafu ile orodha ya ndugu, wateja wenzako ambao DNA zao zimefanana na yako. Sie tunaoana mtoto wa ami na mtoto wa ami, damu inarudi pale pale, mashine inamuona ndugu wa mbali kama wa karibu. Usimvamie mtu ukamwita mjomba!

Sasa linalonikera, mate yako si yako peke yako. California mwaka 2018 yule muuaji Joseph DeAngelo alikamatwa kwa DNA ya jamaa zake wa mbali, yeye mwenyewe hakupeleka kitu. Huyo sawa akamatwe, lakini ona njia iliyopitiwa. Mwaka 2023 wezi wa mtandao walichota habari za watu milioni 6.9 wa 23andMe, moja ya kampuni za viboksi hivi, wengi kwa sababu tu ndugu zao walitumia paswedi moja kila pahala, na 2025 kampuni yenyewe ikafilisika ikauzwa. Paswedi ukiibiwa unabadilisha, DNA utabadilisha na nini? Kwa hiyo paswedi mpya, kitufe cha ndugu kizime mpaka ukoo mshauriane, ile ruhusa ya utafiti isome kabla hujatia tiki, na ukishapata majibu waambie wakiharibu kichupa. Mtoto mdogo mwache akue aamue mwenyewe.

Na kama shida yako ni mtoto wa nani, kiboksi hichi sicho, mahakamani hakiendi maana nani kashuhudia aliyetema? Nenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ya nasaba na mirathi kamuulize kadhi kabla hujapima.