Viumbe wa Wesha kwenye uwanja mweusi

Wanafunzi wangu hapa Chake Chake wakikaribia hadubini tu, mkono unakwenda kwenye lenzi kubwa. Nawazuia. Viumbe wengi wa majini wana mwili mwangavu kama maji yenyewe. Ukiwakuza mara 400 kabla hujapanga mwanga, unakuza ukungu.

Maji nayachota Wesha, bahari ikikupwa. Sichoti ya juujuu: nausugua utelezi wa mizizi ya mikoko kwa mswaki mkuukuu, kisha nausuuza mswaki ndani ya chupa yenye vidole viwili vya maji ya bahari. Nikitaka maji ya bonde la mpunga, chupa naifunga kwenye ufito na mguu wangu hauingii. Kichocho hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha.

Tone moja linatosha. Kifuniko cha kioo kianze ukingo mmoja, ndipo ukilaze polepole. Duara lenye ukingo mweusi mnene ni povu, usilichore. Wale wenye mbio watilie nyuzi mbili tatu za pamba, watapungua kasi.

Sasa mwanga. Kata duara la karatasi nyeusi nene, upana milimita 15 hivi, ulibandike katikati ya plastiki angavu na uiweke chini ya kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga. Diaframu, tundu la kupunguza na kuongeza mwanga, ifungue yote, kondensa ipandishe, lenzi iwe ya mara 10. Mwanga wa katikati umezibwa. Wa pembeni unapita mshazari na hauingii kwenye lenzi mpaka ugonge kitu utawanyike. Uwanja, yaani eneo unaloliona ukichungulia, ukiwa wa kijivu badala ya mweusi, ongeza upana wa duara kidogo kidogo. La kwangu nilikata mara tatu. Kwa lenzi ya mara 40 karatasi hii haifai, maana lenzi hiyo inaupokea hata ule wa mshazari.

Tazama diatomu hapo, mwani wa seli moja. Ganda lake ni silika, madini yanayotengenezea kioo, na kwenye weusi ule kingo zake zinawaka kama kigae cha kioo juani. Ina umbo la mtumbwi. Inateleza mbele, inasita, halafu inarudi kinyumenyume bila kugeuka. Mara ya kwanza kuiona niliita darasa zima, mmoja mmoja, mpaka kengele ikalia.

Kupiga picha, simu ikae kama sentimita moja juu ya lenzi ya jicho, ile unayochungulia. Mimi nimekata kipande cha paipu cha kuiegemezea. Napiga video, kisha nachagua picha iliyotulia.

Kipimo kinatoka kwenye rula ya plastiki. Iweke chini ya lenzi ya mara 4 uhesabu milimita zinazoonekana. Hadubini yetu inaonesha 4.5, kwa hiyo lenzi ya mara 10 inaonesha 1.8. Diatomu ikichukua sehemu moja ya 18 ya upana huo, urefu wake ni milimita 0.1. Namba hiyo naitaka pembeni ya kila picha, pamoja na tarehe na mahali maji yalipochotwa.