Kifundo kilichoteguka: hatua kwa hatua hadi kurudi uwanjani

Naandika mara moja, kwa sababu kila Jumatatu ni lile lile: "Docta, mguu ulipinda jana kwenye mechi, nifanye nini?" Kuanzia leo nitajibu kwa kukuelekeza hapa.

Somo ni la mguu uliopindia ndani, unyayo ukaelekea mguu mwenzake, maumivu yakashika upande wa nje. Goma yetu ina viwanja vya changarawe nyeusi ya volkano: jiwe linaviringika chini ya njumu, vidole vikiwa bado vinaelekea chini, na uzito wote unaangukia ligamenti (utepe unaounganisha mfupa na mfupa) nyembamba ya mbele-nje. Hiyo ndiyo huchanika kwanza. Inayofuata ni ile inayoshuka hadi kwenye kisigino.

Hatua 1. Je, mfupa ni mzima? Bonyeza kwa kidole nundu ya nje ya kifundo: ncha yake, kisha ukingo wake wa nyuma ukipanda sentimita 6. Fanya vilevile nundu ya ndani. Halafu bonyeza mfupa unaochomoza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na ule wa upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Maumivu yakiwa juu ya mfupa wenyewe, au ukishindwa kupiga hatua 4 hata kwa kuchechemea, nenda ukapigwe radio, yaani picha ya mfupa. Kanuni hizi zilitungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zinawaokoa wengi wasilipie picha bure. Kuvimba peke yake si dalili ya mfupa kuvunjika.

Hatua 2. Siku 2 au 3 za kwanza. Mguu juu kuliko moyo. Bendeji ya kuvutika, ianzie karibu na vidole ikipanda. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, legeza. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15, ni ya kutuliza maumivu tu. Maji ya moto, pombe, kukandwa kwa nguvu na "kuvutwa" ni marufuku.

Hatua 3. Tembea. Kwa magongo ikibidi. Kisigino kwanza, vidole mwisho. Kukaa na mguu hewani majuma mawili kunakauza kifundo.

Hatua 4. Rudisha mwendo. Andika herufi hewani kwa kidole gumba, mara 3 kwa siku. Ukiweza kusimama, tumia ukuta: wayo umenyooka, piga goti mbele liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, kisha rudisha wayo nyuma kidogo kidogo hadi pale goti linapogusa kwa shida. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani, miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 2, bado. Goti lielekee kidole cha pili. Ukiliangusha ndani unajidanganya, maana ni upinde wa wayo unaolala, kifundo hakikunjiki.

Hatua 5. Nguvu. Kata mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, mita moja na nusu, fundi atakupa mkuukuu. Funga kwenye mguu wa meza, zungusha mbele ya wayo, vuta wayo kuelekea nje. 15 mara 3, ukirudi polepole. Paja lisitikisike: goti likizunguka, unafanyisha kazi nyonga. Kisha kunyanyuka kwa vidole, miguu miwili, halafu mmoja, hadi 20 bila kuegemea.

Hatua 6. Usawa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kila kitu. Uvimbe umekwisha, maumivu yamekwisha, mtu anavaa njumu Jumapili, mguu uleule unapinda tena. Ndani ya ligamenti kuna neva zinazouambia ubongo wayo umelala vipi. Ligamenti ilipochanika, nazo ziliumia, na maumivu kuisha hakuzirudishi kazini. Zinafundishwa upya, na njia ni kusimama kwa mguu mmoja: peku, sakafuni, goti limekunjwa kidogo, mikono kiunoni, sekunde 30, mara 3. Anza na mguu mzima ili ujue lengo ni lipi. Ukishinda, funga macho. Ukishinda hilo, panda juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, macho wazi, na mwenzako akurushie mpira. Dakika 10 kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 8 angalau, *hata kama umesharudi kucheza*.

Tahadhari. Usikimbilie kitu laini kabla ya kushinda sakafu ngumu. Godoro zima la kitanda ni laini mno, kifundo kinazama tu. Macho yakifungwa, uwe karibu na ukuta. Usifanyie juu ya mawe ya nje eti "nazoea uwanja". Vidole vikianza kushika sakafu kama vya kuku juu ya kamba, au nyonga ikianguka upande, umechoka: shuka. Na asiniambie mtu "nilifanya siku nne nikaona niko sawa".

Hatua 7. Kurudi. Ruka mbele kwa mguu mmoja, pima. Ulioumia ufikie asilimia 90 ya mwenzake. Ruka pembeni huku na huku, sentimita 30, mara 10, bila maumivu wala woga. Kimbia moja kwa moja, halafu namba 8 kubwa, halafu ndogo, halafu kugeuka ghafla, halafu mpira, mwisho kugombania mpira. Kesho yake pakivimba, rudi hatua moja. Kuteguka kudogo huchukua juma 1 au 2, kwa kati majuma 3 hadi 6, kuchanika kabisa hata miezi 3. Ila anayeamua ni majaribio haya. Tarehe ya fainali haimo.

MASWALI

Beki wa Ndosho: Docta mguu umevimba sana, dawa gani?

Jibu: Hatua 1. Ulipiga hatua 4 au hukupiga?

Beki wa Ndosho: Sijasoma yote, ni ndefu. Unipe tu jina la dawa.

Jibu: Kusoma ni dakika tano. Mguu ni wako.

Mama Junior: Shikamoo docta. Mtoto wangu wa miaka 11, hatua 4 anapiga, lakini nikigusa nundu ya nje analia. Ningoje?

Jibu: Marahaba mama. Usingoje. Kwa mtoto anayekua, mwisho wa mfupa una sehemu laini ya ukuaji, na hiyo nayo inaweza kuumia. Apelekwe leo, asikanyagie hadi aonwe. Picha ikitoka safi na bado analia ukibonyeza palepale, mwambie mganga hivyo. Jeraha la sehemu hiyo linaweza lisionekane kwenye picha ya kwanza.

Wa Majengo: Nyinyi watu wa kine (tiba ya viungo kwa mazoezi) munapenda kurefusha. Mzee wa kwetu anavuta mguu, "kwaa", siku ya pili unacheza.

Jibu: Hiyo "kwaa" ni hewa ndani ya kiungo. Katika kuteguka kwa kawaida hakuna mfupa uliotoka mahali pake wa kurudishwa, kuna ligamenti iliyochanika, na kuivuta ni kuichana zaidi. Anayecheza siku ya pili alikuwa na jeraha dogo, angecheza hata bila mzee.

Mwanafunzi wa kine: Yaya, kama misuli ya nje ina nguvu, kwa nini haizuii mguu kupinda?

Jibu: Swali zuri. Misuli hiyo huchukua takriban milisekunde 60 au zaidi kuanza kuvuta baada ya wayo kuanza kupinda, na wakati huo mguu umeshapinda. Kwa hiyo haiokoi kwa kushtuka, inaokoa ikiwa imeshakaza *kabla* wayo haujagusa chini. Ndiyo maana Hatua 5 bila Hatua 6 haitoshi, na ndiyo maana nataka mtu apokee mpira akiwa kwa mguu mmoja: akili iwe kwingine, kifundo kijipange chenyewe.

Kipa: Mimi maumivu yako juu, kati ya mifupa miwili ya muundi. Mguu ulizunguka kwenda nje.

Jibu: Basi somo hili si lako. Bana mifupa hiyo miwili pamoja katikati ya muundi: ukisikia maumivu chini kwenye kifundo, huenda ligamenti za juu zinazoishikanisha ndizo zimeumia. Hizo zinachelewa zaidi, na nyingine zinahitaji upasuaji. Usikanyagie, onana na daktari wa mifupa.

Kocha wa Katindo: Aksanti, mkubwa. Wachezaji wangu wanafungwa plasta (utepe wa kunata) kifundoni kabla ya mechi, kipindi cha pili imelegea. Tunafunga vibaya?

Jibu: Pengine hamkosei. Plasta hupoteza sehemu kubwa ya ushikaji baada ya dakika 20 hadi 30 za kukimbia, kwa hiyo fungeni upya mapumzikoni. Iwe isiyovutika, upana wa sentimita 4 hivi. Ngozi kavu, wayo digrii 90, pamba yenye vaselini mbele ya kifundo na juu ya kano ya kisigino ili pasichubuke. Utepe wa kushikilia uzunguke muundi, halafu tepe 3 zitoke upande wa ndani, zipite chini ya kisigino, zivutwe kupanda nje. Msizungushe bunda zima mfululizo, damu haitapita. Aliyeteguka avae kishikizo (kifaa cha kuvaa kinachokaza kifundo) au plasta kila mechi kwa miezi 6 angalau. Kishikizo cha kamba kinatumika tena na tena, kwa timu isiyo na pesa ni nafuu.

Beki wa Ndosho: Nimesoma. Hatua 4 napiga, mfupa hauumi. Samahani. Na godasi (njumu) za meno marefu ni mbaya?

Jibu: Haina neno. Anza Hatua 2. Meno marefu ya chuma ni ya nyasi zenye matope; juu ya changarawe hayazami, unasimama juu ya ncha, na jiwe dogo linatosha kukupindua. Tafuta yenye meno mengi mafupi ya mpira. Ukinunua mitumba, iweke mezani uitazame kwa nyuma: soli iliyolika upande mmoja, iache hata kama bei ni nzuri.

Mama Junior: Na barafu, umeme ukikosekana?

Jibu: Wauza samaki huwa nayo. Isipokuwepo, kitambaa chenye maji baridi ya mtungi, ukibadilisha kila kinapopata joto. Mguu kuinuliwa na bendeji vinabaki kuwa muhimu kuliko barafu.