Umerithi piano? Ijue umri na thamani yake kabla hujaiuza (somo)

Wadau habari za leo. Nimeona nilete hili somo maana watu wanarithi piano za babu na bibi, wanaiona mzigo sebuleni, anakuja mtu na kirikuu anaibeba kwa bei ya mbao, na kweli inaniuma. Ya kwetu ilikuwa ya babu, alikuwa mwalimu wa kwaya Moshi, na nusura iondoke hivohivo hata matanga hayajaisha.

Kwanza tafuta jina la kampuni na namba ya siriali. Jina liko juu ya vibonyezo, ila namba mpaka ufungue kifuniko cha juu umulike na tochi kwenye fremu ya chuma au ubao wa pembeni. Piga picha, kisha linganisha na orodha za namba na miaka ambazo kampuni kubwa zinazo. Mfano Steinway namba 100000 ndo ilipelekwa White House mwaka 1903, na ya 300000 ikaenda 1938, kwahiyo namba yako ikiangukia katikati ushajua uko wapi. Yamaha yenye maandishi Nippon Gakki, hilo ndo jina kampuni ilitumia mpaka 1987. Ikiandikwa West Germany ni kati ya 1949 na 1990.

Sasa angalieni hapa, maana ndo wengi wanapotea. Zile medali zilizochorwa na miaka yake ni za maonyesho ambayo kampuni ilishinda, sio mwaka wa piano. Ya babu ilikuwa na medali ya London 1885 na ukoo mzima tuliamini ni ya mwaka huo, mpaka fundi alipochomoa kibonyezo cha kwanza kabisa kushoto, akakigeuza ubavu, na kwenye ule mti mkavu kulikuwa na mwandiko wa penseli, jina la mtu na 1927, umefifia ila unasomeka. Watengenezaji na mafundi wengi walikuwa wanasaini hapo. Akatuonyesha pia skrubu ndogo za shaba kwenye vibonyezo, akasema hizo zilitengenezwa maalum kwa nchi za joto ili gundi ikiachia mti usibanduke.

Pili ni uzima wake, na thamani iko hapa kuliko kwenye umri. Piano ina nyuzi kama 230 na zote zinavuta kwa pamoja tani 15 mpaka 20, kinachozishikilia ni pini zilizopigiliwa kwenye ubao mgumu. Fundi akiweka spana yake na pini ikazunguka kama kijiko kwenye uji, basi haishiki tyuni tena na matengenezo yake ni makubwa. Ubao wa sauti (ule mpana mwembamba nyuma ya nyuzi unaokuza sauti) ukiwa na ufa sio mwisho, kama haukoromi. Fremu ya chuma ikiwa na ufa hapo hakuna piano tena. Wewe mwenyewe piga vibonyezo vyote polepole, halafu weka programu ya tyuna (ya kupima sauti) kwenye simu upige noti ya A ya katikati, inatakiwa isome 440 (mitetemo kwa sekunde), ukikuta 415 imeshuka nusu toni nzima. Angalia pia wadudu nondo kwenye felti (kitambaa kizito cha sufu) za nyundo zinazogonga nyuzi, na mchwa miguuni.

Bei sasa. Chukua bei ambayo piano ya kampuni hiyo na umri huo inauzwa ikiwa nzima, toa gharama ya ufundi, toa usafiri, kinachobaki ndo chako.

MASWALI

Mdau wa Tanga: Mkuu yetu namba imefutika, nafanyaje?
Jibu: Paka chokaa ya ubaoni halafu futa taratibu na kitambaa, kama namba ilichongwa chokaa itabaki kwenye mikwaruzo. Na usihesabu vibonyezo 85 badala ya 88 vya kawaida ukasema basi ni ya zamani sana, Waingereza waliendelea kutengeneza za 85 mpaka karne ya 20.

Mdau wa Minneapolis: Shikamoo mwalimu, ya bibi iko Bukoba, vibonyezo vyeupe vina mstari katikati, naweza kuisafirisha huku?
Jibu: Marahaba. Subiri kwanza. Mstari huo unamaanisha kila kimoja kina vipande viwili, na ukiona na mishipa myembamba ya mawimbi basi huenda ni pembe ya ndovu, plastiki huwa kipande kimoja. Pembe nyingi zilitoka bara zikapitia Zanzibar zikaenda Connecticut, Marekani, kuna mji uliitwa Ivoryton kwa ajili hiyo, zikarudi Afrika zikiwa piano. Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989 wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), kwahiyo nendeni ofisi ya wanyamapori kabla hamjaigusa, na msivibandue mkaviuza peke yake.

Dada wa Arusha: Baba mdogo anasema ni ya miaka ya 1800 kwahiyo ni mamilioni mengi, anakataa hata kumleta fundi.
Jibu: Piano sio kama violini dada, felti inachakaa na pini zinalegea, ya 1975 iliyotunzwa inaweza kuipita ya 1890 kwa mbali. Muite fundi siku baba mdogo yupo nyumbani, mpe kiti karibu, na fundi amwachie spana azungushe pini moja kwa mkono wake.