Namna ya kumfikishia diwani hoja ya lugha ya wazee wetu

Huku kwetu Newala bibi anapewa dawa dirishani, anaambiwa "kutwa mara mbili, baada ya kula", anaitikia "haya", anaondoka. Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni. Maumivu yake anayajua kwa Kimakonde. Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati na jambo hili linaniuma. Kama linakuuma na wewe, fanya hivi.

Anza na huduma, utamaduni uache kwanza. Ukisimama mkutanoni ukasema lugha yetu inapotea, utapigiwa makofi na itaishia hapo. Taja dirisha la dawa. Omba kitu kimoja: mhudumu wa afya ya jamii anayejua Kimakonde akae pale kila asubuhi.

Halafu mpime diwani wako. Mimi hupenda kumtaja Amanda Simard, aliyekuwa mbunge katika bunge la jimbo la Ontario, Kanada, mpaka 2022. Wasemaji wa Kifaransa kule ni wachache, ila sheria ya 1986 inawapa haki ya kuhudumiwa na serikali ya jimbo kwa lugha yao katika maeneo yaliyotengwa. Novemba 2018 serikali ya chama chake mwenyewe ikatangaza kufuta ofisi huru ya kamishna wa huduma za Kifaransa na kusitisha mpango wa chuo kikuu cha Kifaransa. Simard, aliyechaguliwa Juni mwaka huohuo, akapinga yote mawili waziwazi, na tarehe 29 Novemba akajitoa kwenye kundi la wabunge wa chama chake. Ofisi ya kamishna haikuokoka. Kazi zake zilipelekwa kwa ofisi nyingine ya malalamiko ya wananchi. Chuo kilipata fedha baadaye, kikapokea wanafunzi mwaka 2021.

Basi mfuate diwani nyumbani, akiwa peke yake: "Mheshimiwa, wenzako wa chama wakiikataa hoja hii, utaisema barazani?" Akizungukazunguka, nenda kwa diwani wa viti maalumu.

Hoja ipite kwanza mkutano mkuu wa kijiji, unaokaa kila miezi mitatu. Usiupeleke msimu wa korosho, watu wako mashambani na ghalani, akidi haitatimia. Mtendaji aiandike kwenye muhtasari, aisome kwa sauti kabla mkutano haujafungwa. Kutoka hapo inakwenda kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha baraza la madiwani. Omba nakala ya muhtasari yenye muhuri, uiweke kwako.