Ukienda Lushoto usiishie Irente: namna ya kuitembea Usambara kwa historia yake

Watu wengi wakisema wanaenda Lushoto wanamaanisha baridi, picha moja pale kwenye mwamba wa Irente, mfuko wa peasi na plamsi, Jumapili wanageuza. Sio vibaya, kila mtu na mapumziko yake, ila ndugu zangu milima ile ilikuwa na ufalme wake, na wazee wenye hizo habari bado wapo, na mimi inaniuma kuona mtu anatoka Dar au Arusha anapita katikati ya vitu vyote hivyo bila kujua amepita wapi. Kwahiyo naandika hapa namna ya kupanga safari ya Usambara Magharibi kama unataka kuijua historia na utamaduni wa kule. Siku nne tano zinatosha vizuri. Ukiwa na mbili tu chukua Vuga, mji wa zamani wa wafalme, na Irente halafu uache hizo nyingine kwa safari ijayo, usikimbize kila kitu.

Cha kwanza kabisa, kabla hata hujakata tiketi, ijue hadithi ya Mbegha. Bila hiyo utaoneshwa kilima utaona kilima tu. Mbegha alikuwa mwindaji wa kutoka Nguu, inasemwa alizaliwa akaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, na zamani kigego alihesabiwa mkosi, basi akanyimwa urithi na ndugu zake akaondoka na mbwa wake na mikuki yake. Akakaa Kilindi, huko mtoto wa mkubwa wa mji akafa kwenye mawindo ya nguruwe wakiwa pamoja, akakimbia tena mpaka akapanda milima ya Wasambaa. Huko nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba ya watu, yeye anawaua, nyama anawapa, wao wanampa chakula cha shamba, anawaamulia na kesi zao, mwisho wakamwomba awe mtawala wao. Alipokuwa njiani kwenda Vuga akaua simba, ndio maana wafalme wa ukoo wake, Wakilindi, waliitwa Simba Mwene. Wazee wanaisimulia kwa njia tofauti tofauti, kila ukoo na ya kwake, na usibishane nao, sikiliza tu maana tofauti zenyewe zinakuonesha nani alikuwa upande gani. Ukipata nakala ya Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi isome, iliandikwa kwa Kiswahili kabisa, ikachapwa na wamisionari kule Magila upande wa Muheza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Kiswahili chake ni cha zamani ila kitamu.

Usafiri sio shida. Basi za Lushoto zipo za moja kwa moja toka Dar, Tanga na Arusha, au shuka Mombo halafu panda kosta au noah za kupandisha. Barabara Mombo mpaka Lushoto ni lami lakini ina kona kwelikweli, kama unasikia kichefuchefu kaa mbele na usile sana. Epuka Machi mpaka Mei kwasababu ya masika, huko vijijini njia nyingi ni udongo na zikilowa hata bodaboda anakataa. Juni na Julai baridi ni kali, beba sweta zito.

Ukiwa Mombo tenga muda kidogo uende stesheni ya reli. Mjerumani alianza ile reli Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, na hapo ndipo mizigo ya milimani ilipokuwa inashukia. Dakika ishirini zinatosha, songa mbele.

Sasa Vuga. Hapa ndio roho ya safari yote na ndipo watu wengi hawafiki, kwasababu ukishafika Soni gari inakupeleka Lushoto na Vuga unaiacha nyuma. Shuka Soni, angalia maporomoko ya maji pale kando ya barabara, chukua boda mpaka Vuga. Usitegemee kukuta kasri la mawe kama la watu wa pwani, nyumba za wafalme zilikuwa za miti na majani, kwahiyo unachokwenda kukuta ni mahali penyewe, makaburi ya wafalme, na watu wanaojua nani alikaa wapi. Hapa ndipo alipotawala Kimweri ye Nyumbai ambaye amri yake ilishuka mpaka karibu na bahari, na mmisionari Krapf alimfuata huku mwaka 1848 akarudi tena 1852, na baadaye Simba Mwene mwingine wa Vuga, Mputa, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Kuna kitu kingine, wazee wa Kilutheri nchi nzima wanalijua jina la Vuga kwa ajili ya mtambo wa kuchapa vitabu wa misheni, vitabu vingi vya Kiswahili vya kanisani vilitoka huko.

Namna ya kuingia Vuga ndio muhimu. Usiende moja kwa moja makaburini na simu imewashwa kamera. Anzia ofisi ya kijiji au kwa mwenyekiti wa kitongoji, jitambulishe, sema umekuja kufanya nini, watakuitia mzee anayehusika. Salamu kwanza, shikamoo yako iwe ya kweli na uisubirie jibu, na ukijifunza onga maundo ya asubuhi kwa Kisambaa utaona uso wa mtu unavyobadilika. Usiende mikono mitupu, sukari na majani ya chai inatosha, na ukimaliza mshike mzee mkono na kitu kidogo cha asante maana umemtoa shambani. Kurekodi omba ruhusa, na kama amesema hapa usirekodi basi zima kweli. Sehemu za kaburi au vichaka vya matambiko usiokote hata jani.

Ukirudi upande wa Soni na Lushoto uliza wamama wanaofinyanga vyungu. Ufinyanzi kwa Wasambaa ni kazi ya wanawake, mama anamrithisha binti, hawatumii gurudumu, udongo unatwangwa, unakandwa, unapandishwa kwa mkono, unalainishwa na kukaushwa ndio unachomwa kwa kuni na majani juu ya ardhi. Ukitaka kuona yote ulizia siku ya kuchoma, sio siku yoyote, na nunua chungu hapohapo kwake usisubiri kukiona dukani. Pia Lushoto mjini siku ya gulio ni raha sana, ndipo utakapokuta vyungu, dawa za mitishamba, na watu wameshuka toka vijiji vyote.

Lushoto yenyewe Mjerumani aliiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wake, na majengo kadhaa ya enzi zile yanatumika mpaka leo kama ofisi, utayaona ukitembea kwa miguu. Ukitaka mwenyeji wa kukuzungusha nenda Friends of Usambara Society, wapo mjini hapo na waongoza wageni wao ni vijana wa kulekule, sema mapema kwamba unataka historia sio msitu tu, ili wakupe anayejua. Na uelewane naye bei ya siku nzima kabla hamjaondoka, pamoja na chakula na boda, msije mkakwaruzana njiani.

Haya, Irente sasa nenda, ila nenda baada ya Vuga. Ukisimama pale juu ya mwamba ukaangalia chini, kile kijiji cha tambarare ni Mazinde. Pale ndipo alipokaa Semboja, mtoto wa Kimweri. Kimweri alipofariki mwaka 1862 hivi, ufalme ulikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, lakini Semboja yeye alikuwa Mazinde kwenye njia ya misafara, pembe za ndovu, watumwa, bunduki na baruti vyote vinapita mlangoni kwake, akapata nguvu akamfukuza Shekulwavu Vuga, na kiti akamkalisha mtoto wake mwenyewe, yeye akabaki hukohuko chini kwenye biashara. Yaani mambo ya juu mlimani yakawa yanaamuliwa na bunduki za kule chini. Mimi nilisoma habari hii muda mrefu lakini niliielewa siku nimesimama pale Irente nikaona kwa macho umbali wenyewe, juu migomba na ukungu, chini nchi kavu na barabara. Ndio maana nasema nenda ukiwa umeshajua. Ukirudi pitia Irente Farm ule mkate na jibini yao.

Kutoka hapo panda Magamba halafu uelekee kaskazini. Upande huu wapo Wambugu pia, sio Wasambaa peke yao, na Kimbugu chao kina sarufi ya Kibantu ila maneno mengi ni ya asili ya Kikushi, jamii ya lugha kama Kisomali na Kiiraqw, watu wa isimu wanatoka Ulaya kuja kukisoma. Usiwaite Wasambaa, uliza kwa adabu watakwambia wenyewe ni kina nani. Kulala unaweza kulala Rangwi kwa masista, ni pasafi na pametulia.

Mlalo usikose. Misheni ya Walutheri ilifunguliwa pale 1891, na ndani ya mji utaona nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao ambazo huzioni sehemu nyingi za nchi hii. Ila kikubwa cha Mlalo kwangu mimi ni mashamba. Mwaka 1946 Mwingereza alianzisha hapa mradi wa kuzuia mmomonyoko, watu wakalazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, kazi kubwa ikawaangukia wanawake na majembe yao, asiyelima anashtakiwa. Watu walikataa, wanawake wakiwa mbele kabisa, na miaka ya 50 TANU ikapata wafuasi wengi sana kwenye hasira hiyo hiyo, mwisho serikali ikauacha mradi. Watu wa miaka themanini na kuendelea walikuwa watoto wakati huo, wanakumbuka mama zao walivyorudi wamechoka. Waulize. Hili swali karibu kila mzee ana la kusema, na hawaulizwi mara nyingi. Ukibahatika kukuta harusi na ngoma ya mdumange inachezwa, kaa pembeni kwanza, watakukaribisha wenyewe.

Mwisho wa njia ni Mtae, kijiji kimekaa ukingoni kabisa, chini unaona nyika za Mkomazi na jioni ikiwa safi unaona mpaka milima ya Pare. Lala hapo usiku mmoja, gesti zipo za kawaida, maji ya moto omba mapema. Magari ya kushuka Lushoto yanaondoka alfajiri mno, ukichelewa umebaki mpaka kesho, hivyo muulize konda jioni ile ile gari inatoka saa ngapi na akuwekee siti.

Amani sijaigusa, ile iko Usambara Mashariki unapandia Muheza, kuna bustani ya mimea na kituo cha utafiti Mjerumani alichokianzisha 1902, ni safari ya peke yake, ukitaka kuiunganisha na hii ongeza siku tatu na ushuke Mombo mpaka Segera kwanza.