Ukimpeleka mama Westport: kulala na kula hotelini bila kuona haya

Mama alipokuja Dublin kutoka Tanga, wiki mbili za kwanza nilimzungusha madukani mpaka akachoka. Nikaona nimpeleke shamba. Mwishoni mwa Juni tukapanda treni kituo cha Heuston, mwendo wa saa tatu na ushee, hadi Westport, mji mdogo wa kaunti ya Mayo, magharibi kabisa mwa Ayalandi. Tulilala siku mbili katika hoteli ya familia karibu na mto. Nawaandikia nyinyi mnaotarajia wageni kutoka nyumbani, msirudie makosa yangu.

Kabla ya kulipia, piga simu, usiishie kwenye tovuti. Hoteli nyingi za miji hii huuza siku mbili kwa pamoja, chai ya asubuhi zote na chakula cha usiku mmoja humo humo, na katikati ya wiki bei huwa nafuu. Kisha uliza swali ambalo mimi sikuliuliza: siku hiyo kuna harusi? Waairishi husherehekea harusi zao hotelini, na muziki haunyamazi mapema. Jumapili ya mwisho ya Julai pia iache ipite. Mahujaji wa Kikatoliki hufurika kupanda mlima Croagh Patrick ulio jirani na mji, mita 764, na vyumba huwa vya shida.

Treni ikikaribia Ballyhaunis, mwoneshe mgeni wako dirishani. Ni kamji kadogo tu, lakini kana msikiti uliojengwa mwaka 1987, maana kulikuwa na kiwanda cha nyama ya halali na Waislamu waliofanya kazi hapo. Mama alipiga Bismillahi kisha akauliza kama tunaweza kushuka.

Mapokezi, usitangulize kitambulisho. Salimia kwanza, kama unavyobisha hodi kwa watu. Watakuuliza safari, watalalamikia mvua, watataka kujua umetoka wapi, na hawaulizi kwa kupoteza muda. Mimi niliyezoea haraka za Dublin nilikuwa nimeshatoa kadi. Mama, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akaeleza kwamba anatoka Tanga, ana wajukuu saba, na goti la kulia linamsumbua. Dada wa mapokezi akabadilisha chumba hapo hapo, akatupa cha ghorofa ya kwanza, hatua tano kutoka kwenye lifti.

Kilikuwa juu ya ukumbi wa harusi. Saa nane usiku mama kakaa kitandani na tasbihi yake: "Kumbe na hawa wana mkesha." Asubuhi nilipotaja, kwa sauti ya kawaida tu, tukahamishwa nyuma. Kwa hiyo sema. Ukinyamaza wataamini umelala vizuri.

Chumbani soketi ni zile zile za matundu matatu kama za nyumbani, chaja haihitaji adapta. Birika la umeme lipo, na majani ya chai mengi ya huku yana chai ya Kenya ndani yake, ndiyo maana mama alikunywa bila kulalamika, ila iliki alikuja nayo mwenyewe. Kibla kiko kusini-mashariki. Mama aliyezoea kuelekea kaskazini kule Tanga ilibidi nimgeuze. Na mwezi wa Juni Magharibi inaingia saa nne usiku na dakika zake. Mtakula chakula cha usiku jua bado linawaka, na ni lazima mle mapema, maana jiko hufungwa mara nyingi saa tatu. Weka meza mnapofika tu.

Sasa chakula, hapa ndipo pa kuwa macho. Kwa sheria menyu huonesha vitu 14 vinavyodhuru wenye mzio, lakini nguruwe na pombe havimo katika orodha hiyo. Supu nzito ya samaki yenye maziwa, tamu mno na mkate wa kahawia, wakati mwingine hutiwa vipande vya nguruwe. Kome wa ghuba ya Clew mara nyingi hupikwa kwa mvinyo. Hata kabichi huweza kuchemshwa pamoja na nguruwe. Mwambie mhudumu wazi, atakwenda jikoni kuuliza. Sisi tulikula samaki wa kuoka na viazi vya kuponda. Pembeni vikaja viazi vya kuoka, kisha chipsi. Mama akauliza wali unakuja saa ngapi. Maji ya bomba ni bure, omba jagi.

Mchana wengine hupanga foleni kwenye meza ya nyama za kuoka, mpishi anakukatia ng'ombe au bata mzinga. Anzia saa sita na nusu, ukichelewa unakuta mifupa. Tahadhari: bata mzinga mara nyingi huja pamoja na paja la nguruwe.

Asubuhi, sahani kamili ina soseji, "rashers", "black pudding" na "white pudding". Zote nne ni nguruwe, na ile nyeusi ina damu. Omba mayai, uyoga na nyanya, na uliza kama zinakaangwa kikaango cha peke yake. Uji wa shayiri upo.

Usiku keti baa hata kama hunywi. Kuagiza chai hapo hakumshangazi mtu. Ukiwa na watoto, watoke saa tatu, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Mzee akikununulia kinywaji, zamu inayofuata ni yako. Ukikosa maneno, taja mpira wa Kiairishi (Gaelic football): timu ya Mayo haijachukua ubingwa wa Ayalandi nzima tangu 1951, na kila mtu baa nzima ana sababu yake.

Baa huna haja ya kuacha bahashishi. Mezani asilimia kumi inatosha. Sisi tulipoondoka, mama wa jikoni alimfungia mama mkate wa magadi kwenye karatasi, wa kula njiani. Kufika Athlone, kama nusu ya njia, ulikuwa umebaki nusu.